Nyumba Alikokaa Mwalimu

Siku ya kufunga shule mvua ilianza asubuhi, kwa hiyo wazazi wote walibanana ndani ya darasa. Darasa lilikuwa hilo moja tu. Darasa la kwanza walikaa upande wa mlango, darasa la pili upande wa dirisha, na mwaka mzima Mwalimu Agape alikuwa akigeuka huku na huku kama mtu anayechoma mahindi. Wazazi walijenga shule hiyo wenyewe, kwenye kitongoji kilicho mbali kidogo na vitongoji vingine vya Katumba, ili watoto wadogo wasivuke pori kwenda shule mama, ile kubwa yenye madarasa yote.

Danford, mwenyekiti wa kamati ya shule, alisimama na kuueleza mwaka. Alisema mwaka ulianza bila mwalimu, Mungu akamleta Madam Agape kutoka Sumbawanga, akajitolea. Alisema mwezi wa tatu upepo uliezua bati tatu, mbili zikapatikana, ya tatu inasemekana inafunika banda la kuku la mtu ambaye hatamtaja. Watu wakacheka na kumtazama mtu huyo. Kisha akaanza kusoma matokeo ya darasa la pili, kuanzia wa mwisho, kama ilivyokuwa desturi yao. Kila mtoto akitajwa alisimama, na mzazi wake naye alisimama.

Baba wa mtoto wa mwisho alisimama akijikuna shingo. "Angalau wangu mmemjua mapema," alisema.

Kadiri majina yalivyopanda, kicheko kilipungua. Wa tatu alikuwa mtoto wa Suzana, mke wa fundi baiskeli. Wa pili, Thacienne. Mama yake, Odeta, alikuwa ameshajifunga kanga vizuri kwa ajili ya kusimama mwisho kabisa. Ilimbidi asimame kabla ya wakati, na alikaa chini haraka.

"Wa kwanza," Danford alisema, "Aneth Yotham."

Restituta, mama yake Aneth, alikuwa na kigelegele tayari kooni. Alitazama kulia na kushoto, akaona hakuna mwanamke aliyefungua mdomo, akakimeza.

"Huyo si kalala nyumba moja na mtihani," alisema Odeta.

Darasa zima lilicheka, hata waliokuwa hawana ugomvi na mtu. Mwalimu Agape alisimama ubaoni, mikono ikiwa na chaki. Alikuwa msichana mwembamba ambaye bado hakuwa amezoea kubishana na watu waliomzidi umri. "Mama Thacienne, mitihani ilitoka shule mama ikiwa imefungwa. Nimeifungua hapa hapa, watoto wanaona."

"Mitihani sawa, madam. Mimi nasema kichwa. Hicho kichwa nani alikuwa anakijaza?"

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu alijua kinachogombewa. Shule yao iliishia darasa la pili. Kwenda la tatu ilikuwa ni kuvuka pori na kijito ambacho masika hakipitiki. Wengi walimrudisha mtoto darasa la pili akomae miguu kwanza, na miguu ikikomaa mikono ilikuwa imeshazoea tumbaku. Lakini masista wa mjini Mpanda walikubali kuchukua mtoto mmoja kila mwaka, yule aliyeshika namba moja, akasome na kulala kwao bila malipo. Gari lao lingekuja Ijumaa.

Danford alikunja karatasi yake. "Sitaki masista wakute makelele," alisema. "Keshokutwa, Jumatano, hao wawili watapimwa hapa hapa, mbele yetu sote. Na maswali nitatunga mimi."

* * *

Jioni hiyo Yotham, mume wa Restituta, alirudi kutoka shambani kupandikiza miche ya tumbaku, matope yamemfika magotini na habari za kikao ameshazisikia njiani, akakuta chakula kimefunikwa na mlango wa chumba cha mwalimu umefungwa.

"Madam amekula?"

"Anasema ameshiba," Restituta alijibu.

"Ameshiba nini, matusi?" Yotham alinawa mikono, akavuta bakuli la maharage. "Januari walikuwa wapi hao? Danford alizunguka nyumba kwa nyumba kama anauza paka. Huyu hana nafasi, yule anasema mwalimu atataka chai na sukari. Mimi nikatoa stoo yangu. Mwaka mzima nimelala na majembe chumbani, nikinyoosha mguu nakanyaga mpini."

"Punguza sauti, anasikia."

"Asikie. Kwani nimesema najuta?"

Alikuwa anasema kweli. Kila nyumba ilitoa debe moja la mahindi kwa ajili ya mwalimu, na mengine yote yalikuwa juu ya Restituta: mboga, kuni, maji ya kuoga, kumkanda kwa kitambaa alipougua malaria mwezi wa nne. Danford aliweka sharti moja tu, na wazazi wakalipigia makofi: mwalimu akiwa nyumbani si mwalimu, ni mgeni. Asimfundishe mtoto wa nyumba ile, ili wa nyumba nyingine wasionewe. Yotham aliona sharti hilo halina shida. Alitoka shambani giza likiwa limeshaingia, akala, akalala. Asingejua kama kuna mtu anafundishwa.

Aneth alikuwa amekaa karibu na mlango na mdogo wake Deo mapajani. "Baba," alisema, "namba ya maharage ni namba gani?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Thacienne. Anasema mimi nimepewa namba ya maharage."

Yotham alicheka, kisha akaangalia bakuli lake, akaacha kucheka.

* * *

Kesho yake bombani wanawake walikuwa wanaongea, na Restituta alipofika wakawa wanapanga ndoo. Mmoja alimsogezea nafasi, kubwa kupita kiasi, kama anayempisha mgonjwa. Odeta ndiye aliyekuwa anasukuma mpini wa bomba. Yeye na Restituta walijifungua msimu mmoja. Restituta alipopata homa ya uzazi, Odeta aliwanyonyesha watoto wote wawili, huyu titi hili na huyu lile. Watu walizoea kuwaita mapacha wa titi, na watoto wenyewe walijivunia.

"Mama Thacienne, ulinisalimia kwa kunitukana jana," Restituta alisema. "Leo nisalimie kawaida."

"Nimekutukana nini? Nimesema kalala nyumba moja na mtihani. Uongo?"

"Unajua maana yake."

Odeta aliacha kusukuma. Maji yakakatika. "Haya, ngoja nikwambie maana yake. Thacienne akitoka shule anaenda kulinda mpunga wa bibi yake, ndege na nyani, mpaka jua linazama. Akirudi anakula analala. Wako anatoka shule anaingia shule nyingine. Anakula na mwalimu, anachota maji na mwalimu, akikohoa mwalimu anamuuliza 'unaumwa?' kwa Kiswahili cha kitabu. Na bado amempita wangu kwa alama mbili. Mbili tu, Mama Aneth! Hebu niambie, wangu angekaa na mwalimu mwaka mzima, hizo mbili zingekuwa za nani?"

"Si ulimkataa mwenyewe. Danford alianzia kwako."

"Nilimkataa, ndiyo. Januari hiyo sisi tunakula mara moja kwa siku, tena mihogo. Ningempa nini, aje ahesabu mbavu zetu?" Sauti yake ilitetemeka, akakasirika kwamba imetetemeka. "Chota maji yako uende."

Restituta alishika mpini wa bomba. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na haya hayakuwa matusi. Alijaza ndoo, na njiani alikuta bega lote limelowa kwa sababu alikuwa anatembea vibaya.

* * *

Alasiri hiyo alimkuta Mwalimu Agape ametoka chumbani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani na Aneth, ungo katikati yao, wanachambua maharage ya kupika. Macho ya mwalimu yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa anatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Hayo uliyotenga ni mangapi?"

"Ishirini na nne."

"Wamekuja wageni watano. Kila mmoja anapata mangapi, na yanabaki mangapi?"

"Manne manne. Yanabaki manne." Aneth alifikiri. "Yanayobaki tunampa Deo."

"Deo akile kitu kibichi? Wewe!" Wakacheka wote wawili.

Restituta alisimama na sufuria mkononi. Alikuwa amepita mbele ya mkeka huo mwaka mzima. Mahindi ya kupukuchua, karanga za kumenya, dagaa wa kutoa vichwa. Kila kazi ya mikono ilikuwa na maswali yake. Aneth alijua kugawanya kabla darasa halijafika kwenye kugawanya. Hakuna aliyeita jambo hilo kufundisha. Agape mwenyewe hakuliita hivyo. Alikuwa mpweke, mbali na kwao, na hakujua namna nyingine ya kuongea na mtoto. Na Restituta alikuwa akifurahi tu kwamba kazi inaisha haraka.

"Aneth," alisema, "nenda kalete kuni."

"Zipo jikoni, mama."

"Nenda kalete zingine."

* * *

Jumatano Danford alifika na maswali yake kichwani na mfuko mtupu wa mbolea kwapani. Alimkalisha mwalimu nyuma kabisa, kati ya wazazi, kama mtuhumiwa. Mabinti wawili walisimama ubaoni, kila mmoja na nusu yake, Thacienne amevaa gauni la kanisani, miguu yake ina alama za majani ya mpunga.

Hesabu mbili za mwanzo wote walipata. Thacienne aliandika kwa kasi kuliko mwenzake, na Odeta akaanza kutikisa kichwa taratibu, kama anayeitikia wimbo. Swali la tatu Danford aliandika saba kutoa tisa. Thacienne aliandika mbili. Aneth aliweka chaki chini.

"Haitoki," alisema.

"Kwa nini haitoki?" Danford aliuliza, na kwa sauti yake ilijulikana kwamba yeye mwenyewe alitegemea mbili.

"Ukiwa na saba huwezi kutoa tisa. Mpaka ukaazime kwa jirani."

Watu waliguna kwa kushangaa. Danford aligeuka nyuma kumtazama mwalimu. Agape alitikisa kichwa, ndiyo, akainama tena. Danford akasafisha koo kama mtu aliyekuwa anajua, akakunjua mfuko wa mbolea. "Sasa kusoma. Someni hapa, maelezo ya matumizi."

Thacienne alisoma akikwama na kujikwamua, sauti yake ndogo, mpaka mwisho. Hakukosea sana. Kisha Aneth akasoma. Alisoma kuhusu kuweka mbolea mahali pakavu na mbali na watoto, akitua kwenye kila nukta, akiinua uso kuwatazama watu kabla ya kuendelea, kidole chake cha shahada kikipiga hewa polepole. Watu walianza kutazamana. Huyo hakuwa Aneth. Kila mtu aliyewahi kupita dirishani kwa darasa hilo aliijua sauti hiyo na kidole hicho.

Alipomaliza alimtafuta mwalimu kwa macho. "Nirudie, dada?"

Kicheko kilipasuka. Shuleni Agape alikuwa madam. Dada lilikuwa jina la nyumbani.

"Mmesikia?" Odeta alisimama. Yeye hakucheka. "Hapo hamjapima mtoto wa Restituta. Mmempima madam mwenyewe. Mwenyekiti, uliweka sharti. Uliza basi!"

Danford hakutaka kuuliza. Alitaka kwenda shambani kwake kabla mvua haijarudi. Lakini macho yote yalikuwa kwake. "Mama Aneth, simama. Tulikubaliana mwalimu akiwa nyumbani ni mgeni. Alikuwa anamfundisha mtoto, hakuwa anamfundisha?"

Restituta alisimama, Deo mgongoni. Yotham alimtazama bila wasiwasi wowote. Alikuwa na hakika ya jibu. Mwalimu Agape alikuwa anatazama viatu vyake. Aneth bado alikuwa ubaoni, na nyuma yake dirishani pori lilionekana, jeusi kwa mvua, na njia ya kwenda shule mama ikiingia ndani yake.

"Kwangu alikuwa anakula na kulala," alisema Restituta.

"Alikuwa anamfundisha?"

"Hapana."

Aneth aliinua uso akamtazama mama yake.

"Basi," Danford alisema, akikunja mfuko. "Mama kasema. Aneth ndiye wa kwanza."

Njiani Yotham alitangulia akiongea na kila aliyemkuta. Aneth alitembea nyuma kabisa na mama yake. "Mama," aliuliza, "kugawa maharage si kusoma?"

"Nyamaza, mwanangu. Angalia matope."

* * *

Alhamisi, kabla ya jua kuwa kali, Restituta alibisha mlango wa mwalimu. "Madam, naomba tufunge mizigo yako. Ukirudi Januari ufikie kwa Mama Thacienne."

Agape alikaa kitandani. "Mnanifukuza?"

"Sikufukuzi. Deo naye atakua ataanza shule. Nitamfanya nini, nimpeleke tena mbele za watu nikaape? Na wa Odeta amebaki. Atarudia la pili hapa mpaka miguu ikomae, au utamtafutia njia ya masista."

"Yule mama alinitukana mbele ya watu wote."

"Alinitukana mimi. Wewe alikuwa anakutaka."

Agape alilia kidogo, kimya, kama alivyozoea. Alikuwa amefikiria kutorudi kabisa. Lakini kwao cheti chake cha ualimu kilikuwa kabatini mwaka wa pili kikisubiri ajira, na baba yake alikuwa ameacha kumuuliza habari za ajira, jambo lililokuwa baya kuliko kuulizwa. Akasimama, akaanza kukunja shuka.

Restituta alibeba godoro kichwani, mwalimu akabeba begi. Walimkuta Odeta mlangoni anamenya mihogo. Aliwatazama wanavyokuja, hakuinuka.

"Nimekuletea mwalimu," Restituta alisema. "Mizigo ikae kwako. Januari afikie hapa."

"Mimi sikuomba."

"Najua."

Odeta alimenya mhogo mzima. Kisha, bila kuinua macho: "Madam, unakula mihogo?"

"Ninakula, mama."

"Kila siku?"

"Ninakula."

"Thacienne! Toa mbuzi chumba cha pembeni, fagia." Mtoto alitokea nyuma ya nyumba, akamwona mwalimu na begi, akasimama kama amepigwa na kitu. Kisha akakimbia. Walisikia mbuzi wakilalamika. Agape akamfuata kumsaidia.

Walibaki wawili. Restituta alitua godoro, akalikung'uta bila sababu. Akageuka aondoke.

"Mama Aneth." Odeta alikuwa ameshika kisu, hamenyi. "Huwa anaanzaga saa ngapi?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Kumfundisha."

Restituta alitazama njia. Gari lilikuwa linakuja kesho. Neno moja likimfikia Danford, jioni hiyo hiyo kungekuwa na kikao kingine. Angeweza kusema hajui.

"Hana saa," alisema. "Mpe kazi ya mikono, akae karibu na mtoto. Karanga, mahindi, chochote. Usimpeleke mtoto kulinda ndege jioni. Yeye mwenyewe ataanza kumuuliza."

Odeta aliendelea kumtazama. "Kwa hiyo jana ulisema uongo."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote. Mtoto wako anakuangalia."

"Ndiyo, Mama Thacienne."

Odeta alirudi kumenya. Ganda lilitoka refu, likaanguka. "Masista wanafika mapema?"

"Wanasema asubuhi."

"Haya," Odeta alisema.

* * *

Usiku Restituta hakumwambia Yotham aliyomwambia Odeta. Ijumaa gari lilisimama mbele ya darasa, na watu walikuja wote, kwa sababu gari halikuwa jambo la kila siku. Aneth alipanda na begi lake, akakaa dirishani, ghafla mdogo sana. Sista Tereza, mnene, mwenye haraka, aliuliza swali alilouliza kila mwaka, kwa kuwa mwaka mmoja alikimbizwa na mama wa mtoto aliyeachwa.

"Wazazi, mmeridhika wote? Kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo," alisema Odeta.

Watu walimpisha mbele. Restituta alihisi kanga ya mgongoni inalegea, akaishika kwa mikono miwili, ingawa Deo alikuwa amefungwa vizuri. Alimtazama mtoto aliyekuwa dirishani ili asimtazame mtu mwingine.

"Neno langu fupi," Odeta alisema. "Mwakani mwalimu anakaa kwangu. Kwangu atakula na kulala, kama alivyokula na kulala kwa Mama Aneth. Nawaambia mapema nyie wote, mbele ya sista. Nisije nikasikia habari za mihogo."

Kicheko kilienea, na Danford ndiye aliyecheka zaidi, kwa kufarijika. Yotham alipiga makofi. Restituta alijaribu kucheka na wenzake, sauti ikatoka kama kikohozi.

Suzana, mke wa fundi baiskeli, hakucheka. Mtoto wake alikuwa ameshika mkono wake, yule wa tatu.

"Kula na kulala tu?" aliuliza.

Odeta alimtazama Restituta kwanza. Kisha akamgeukia Suzana.

"Tu," alisema.

Sista Tereza akafunga mlango wa gari.